Kioo Nyuma ya Picha ya Mtakatifu

Pozzuoli, Jumanne, tarehe 22 Julai

Dada yangu Ersilia, mtoto wa tumbo moja na mimi,

Nakusalimu kwa mikono yangu yote miwili, huu wa kulia ambao bado una unga kwenye kucha, na wa kushoto ambao tangu Pasaka haufungi ngumi vizuri. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, barua zangu unazisoma umesimama jikoni huku maziwa yanafurika. Goti lako linasemaje? Yale mafuta ya kafuri niliyokutumia unayapaka, au umeyafungia kabatini pamoja na kila kitu nilichowahi kukutumia tangu uhamie huko Ujerumani? Na mkweo bado anakula viazi asubuhi? Msalimie sana, mwambie nampenda hivyo hivyo.

Huku sisi wazima wa mwili. Mwanangu Procolo ameota kitambi, anasema ni misuli iliyolala. Nunzia mkewe ana mdomo ule ule, Mungu amtunze, bila mdomo ule duka letu la piza lingekuwa limekufa siku nyingi. Mtoto wao Celeste ametimiza miaka sita na meno mawili ya mbele yameng'oka, akila ukingo wa piza anautafunia pembeni kama mbuzi. Ukimwona utacheka mpaka ukae chini.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwa sababu kwenye simu wewe unapaza sauti, mimi nikipaziwa sauti nalia, na nikilia Nunzia ananipokonya simu akuulize kulikoni. Jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho bila kunikatiza. Mwandiko ukikushinda jilaumu mwenyewe, mwalimu ni wewe. Sikukanyaga darasa hata siku moja. Wewe uliyesoma miaka mitatu ndiye uliyenifundisha herufi kwenye unga juu ya meza ya mama, unaandika kwa kidole na mimi naiga, halafu mama anapita na kiganja chake anafuta zote na kuanza kukanda. Nilijifunza haraka kwa sababu masomo yangu yalikuwa yanaliwa.

Dada, ninaogopa. Nimeliandika mapema neno hili ili ujue kwamba hata nikikuchekesha huko chini, nakuchekesha huku naogopa.

Ardhi yetu unaijua, inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Sasa inapanda. Bandarini maji yamerudi nyuma, zile ngazi za mawe tulizokuwa tunashukia kuogelea zinaishia kwenye tope, na boti zimelala ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Harufu ya mayai viza inaingia mpaka kwenye mashuka. Siku nyingine tunatikisika mara tatu, siku nyingine arobaini. Kwanza kuna ule mlio, kama lori linalomwaga mawe chini ya sakafu. Usiniambie unaukumbuka. Ule mlio mtu anausahau, vinginevyo hapa asingebaki hata paka.

Lakini usidhani watu wamekimbia. Jumamosi duka linajaa kama zamani. Watoto wanapanda kutoka ufukweni nguo za kuogelea zinachuruzika, na mama zao wanawafuta miguu mlangoni, maana Nunzia ametangaza kwamba atakayeingiza mchanga ataufagia kwa ulimi. Kila mtoto anapewa donge dogo la unga uliokandwa achezee mpaka piza yake itoke, ile desturi aliyoianzisha marehemu Sossio wangu ili wasitupigie kelele za njaa. Nchi ikitikisika, wanaume wanakimbilia kukisia ukubwa wake kabla simu hazijasema. Tatonno, yule kinyozi mstaafu anayeishi juu ya duka letu, anapenda kusema mbili na nusu, na wenzake wanamwambia, we mzee makalio yako yamekufa ganzi, hiyo ni tatu kamili. Anayekosea zaidi adhabu yake ni kula piza yenye nanasi. Mpaka leo hakuna aliyeila, kwa sababu Procolo ameapa kwamba nanasi halitaingia kwenye tanuri la baba yake hata nchi ipasuke. Akishasema hivyo duka zima linagusa chuma kujikinga na mkosi, na wanaume wanagusa kwingine, unajua mwenyewe.

Ndivyo tunavyoishi. Tunacheka, lakini siku hizi hakuna anayevua viatu chini ya meza.

Sasa nikueleze habari ya ukuta. Lile tetemeko kubwa la Machi lilibomoa lipu sehemu nyingi za mtaa. Wakaja watu wa zimamoto na mhandisi mmoja kijana, kucha safi, shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Walizunguka jengo zima, wakapanda hadi kwa Tatonno, wakashuka, na dukani wakakuta ufa mmoja tu, mwembamba kama unywele, kwenye ule ukuta mnene kati ya tanuri na meza za watu. Sossio alikuwa anauita uti wa mgongo wa nyumba. Alikuwa fundi mwashi kabla hajawa mpishi, alijua anachosema, ukuta ule ndio umebeba dari na kila kilicho juu ya dari.

Kijana akatoa kipande cha kioo kirefu kama kidole changu cha kati, akakibandika kwa jasi juu ya ufa, ncha moja upande huu na ncha ya pili upande ule, akaandika tarehe kwa kalamu nyeusi. Akamwambia Procolo, na mimi nimesimama pale na sahani mkononi, kwamba kioo hakijui kunyooka. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo kinavunjika. Kikivunjika msingoje kesho, fungeni duka, tokeni wote, tupigieni. Kikibaki kizima, pikeni. Nilimlisha piza mbili, akala kwa adabu, akanishukuru kama mtoto aliyelelewa. Nilimpenda yule mtoto. Nakwambia sasa ili huko mbele ujue sikuwa na chuki naye.

Haikupita wiki, watoto wakaanza kukigusa kile kioo kwa vidole vya nyanya, na wageni wakiambiwa ni cha nini wanasukuma sahani pembeni. Nikasema nitakifunika mimi. Nikatundika pale picha ya Mtakatifu Procolo, somo wa mwanangu, ile kubwa ambayo mama aliibeba kifuani siku ya wanajeshi, na nikajipa kazi ya kuchungulia nyuma yake kila siku. Procolo akaniachia. Ikawa mazoea. Kila saa kumi mchana, kabla hajatia moto kwenye kuni, anaita kutoka kwenye meza ya marumaru, "Mama, mtakatifu anasemaje?" Mimi nachungulia na kumjibu, "Anasema washa." Basi tanuri linawashwa.

Na hapo ndipo inapoingia karamu yako. Tarehe kumi na tano Agosti unatimiza miaka themanini, na Procolo hasikii wala haoni kwa ajili yako. Amepima meza kwa kamba, ataunganisha tatu ziwe moja ndefu, watu arobaini na wawili. Wewe amekutengea kichwani mwa meza, mgongo ukiegemea ukuta wa mtakatifu, pahali pa heshima, na joto la tanuri litalifaa goti lako. Celeste atakaa ubavuni kwako, ameshamwambia kila mtu ufukweni kwamba bibi yake wa Ujerumani anakuja na atamletea penseli za rangi sitini. Kila Procolo anapopiga ule ukuta kwa kiganja na kusema "mama mkubwa atakaa hapa", mimi natoka nje kwenda kutafuta hewa.

Jumamosi iliyopita duka lilikuwa limejaa mpaka kizingitini. Mlio ukaja, halafu lenyewe likaja, si lile la kuyumbisha, bali lile la kurusha juu, kama mtu amepiga kiti chako teke kutoka chini. Glasi zikacheza. Taa zikazima, zikawaka. Tatonno akapaza sauti, "Tatu nukta nane! Anayebisha ajiandae na nanasi!" Watu wakacheka kile kicheko kinachotokea puani tu.

Celeste alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya picha, pahali pake pa siku zote. Nilimwona nywele zimekuwa nyeupe. Vumbi jeupe kichwani, vumbi jeupe juu ya piza yake. Akaniita kwa furaha, "Bibi, ona, mtakatifu ananinyunyizia unga!" Duka zima likaangua kicheko, safari hii cha kweli, na Nunzia akasema huyu ameshakuwa mpishi, kesho ataamka saa kumi na moja alfajiri kukanda. Mtoto akalamba kidole, akakunja uso, akasema unga huu mbaya, una chumvi.

Nilimnyanyua pale kwenye benchi kwa nguvu mpaka akalia. Nikasema nimeona mende. Wanawake wakainua miguu, na Nunzia akanitazama kama nimemvua nguo mbele za watu, maana dukani kwake mende hajawahi kupita. Kisha nikachukua ile piza ya Celeste nikaila mimi. Niliila yote, Ersilia, na lipu yake, nimesimama mbele ya watu, ili asitokee wa kuuliza lile vumbi limetoka wapi. Meno yalikuwa yanasaga mchanga na mimi natabasamu.

Kabla sijakwambia lililobaki, kumbuka kwanza siku ya wanajeshi. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mitano, mimi ishirini na miwili. Walipita mlango kwa mlango kule juu kwenye mwamba, bunduki begani, wakisema nchi inapanda, tokeni, ni kwa muda tu. Mama alikuwa na maharage motoni. Aliuliza kama angoje yaive, na yule askari, mtoto mdogo mwenye chunusi, akamwambia, mama, utayakuta. Tukatoka na godoro, na picha ya mtakatifu, na chachu ya mkate kwenye bakuli uliyoifunika kwa kitambaa cha kichwani mwako. Kwa muda! Mama alikufa katika chumba cha hoteli ya wageni, ufunguo wa nyumba yake chini ya mto, na ufunguo huo unao wewe mpaka leo. Nyumba ile hatukuirudia. Siku hizi kule juu wamepasafisha vizuri, watu wa nje wanapita na kofia zao kuangalia dirisha ambalo mama alianika soksi zetu.

Kwa hiyo mimi siogopi ardhi, au nilidhani siiogopi. Niliogopa mtu mwenye sare asimame mlangoni kwetu aseme "kwa muda". Duka hili Sossio alilijenga kwa mikono yake. Mawe ya tanuri aliyapanga yeye, chini yake akamwaga chumvi na mchanga wa ufukwe wetu ili joto lisikimbie. Ile chachu ni ile ile ya bakuli lako. Nilijiambia, wakitufungia hatutafunguliwa tena, Procolo ataishia kuosha sufuria za watu Milano, na mimi nitakufa kwenye chumba cha wageni kama mama, na ufunguo chini ya mto.

Sasa nasema. Kaa kama hujakaa.

Kioo cha yule kijana kilivunjika tarehe tatu Juni. Saa kumi Procolo aliita kama kawaida, mtakatifu anasemaje, nikainua picha nikakiona kimekatika katikati, safi, kama kimepitiwa na wembe. Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni "anasema washa." Naapa sikukipanga. Kilitoka kwa mazoea, kama mtu anavyojibu "mzima" huku anaumwa. Nikasema nitamwambia baadaye. Baadaye watu wakaingia, watoto wakapewa madonge, tukawa tumeshapika.

Kesho yake mchana, wakati mtaa mzima umelala, nilishusha picha ya Sossio kutoka ukutani kwangu. Nilitoa kioo cha fremu, kile kilichoufunika uso wake miaka kumi na moja, nikakata kipande kwa kalamu yake ya kukatia kioo, nikakibandika kwa jasi ya gunia lake. Ikabaki tarehe. Kijana alikuwa ameandika 17/3, na saba yake ina kijimstari kiunoni. Nilimwaga unga mezani nikajizoesha kwa kidole, mara ishirini, labda thelathini, mpaka saba yangu ikavaa mkanda ule ule. Dada, herufi zako nimezitumia maisha yangu yote kuandika majina ya piza kwenye ubao na kukuandikia wewe. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuzitumia kudanganya. Nilipomaliza nikaufuta ule unga kwa kiganja, kama mama, na nikaukanda.

Kioo hicho cha pili kilikaa siku ishirini na sita. Cha tatu siku kumi na nane. Cha nne nilikibandika Ijumaa, na Jumamosi, Celeste akiwa amekaa chini yake, kikavunjika. Ufa si unywele tena. Kidole changu kidogo kinaingia mpaka kwenye kucha. Na kioo cha Sossio kimekwisha, kimebaki kona moja tu ambayo haitoshi kitu.

Kila siku tuliyofungua nilisema washa. Jumamosi saba nimewaketisha watoto wa watu chini ya ukuta ule nikawapa madonge ya kuchezea. Tatonno amelala juu yake. Na nilikuwa nakungoja wewe uje uegemeze mgongo.

Jumapili nilijilaza nikasema kifua kinanibana. Procolo akafunga duka, akakaa kando ya kitanda changu akinikanda mikono, maskini mwanangu, mimi natazama dari. Jana ni Jumatatu, siku yetu ya kufunga. Leo tunafungua. Saa hizi ninapoandika ni saa nane na nusu, nimekaa uani kwangu nyuma ya duka, na saa kumi atakuja kuwasha.

Ngoja, naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimemshusha mtakatifu nikamlaza kwenye kiti, uso juu. Nimechukua vipande vya vioo vyote vinne, nilivitunza kwenye kopo la majani ya oregano, nikavipanga kwenye meza ya marumaru kwa mfuatano wake, cha mhandisi kwanza. Kumwambia kwa mdomo siwezi, mdomo wangu nimeshauona ulivyo, utasema washa. Kwa hiyo nimetandaza unga mezani, mwingi, nikaandika kwa kidole herufi kubwa kama mkate: USIWASHE. Mara ya kwanza niliandika W mbili, nikafuta, nikarudia.

Sasa nangoja. Joto ni kali. Nasikia pikipiki yake.

Ersilia, ameingia. Nimesikia shata la mlango linapanda. Amepiga mluzi, akaweka funguo, akaita, "Mama, mtakatifu anase..." Hakumaliza.

Naendelea kuandika saa kumi na mbili jioni, samahani kwa doa, ni jasho.

Alitoka uani ameshika kile kioo cha mwisho kiganjani, unga kwenye vidole. Nilitaka apige kelele. Ningezijua kelele zake, ningempigia zangu, tungelia yakaisha. Hakupiga. Aliniuliza ni siku ngapi. Nikamwambia arobaini na tisa, maana nilizihesabu, hata moja haikunipita. Akasema, "Celeste alikuwa anakaa pale, Mama." Hilo tu. Akanipa mgongo akaenda kupiga simu, nikamsikia anawatajia jina la mtaa wetu herufi moja moja.

Halafu akapanda kumtoa Tatonno, na mimi nikatoka kukaa barabarani mbele ya duka. Yule mzee alishuka na kandambili, kizimba cha ndege wake kifuani, akiuliza kama angalau limefika nne. Alipoambiwa, alisimama mbele yangu, akanitazama, akasema, "Bi Titina, mtakatifu wako anatunza siri kuliko padri." Nilidhani atanitemea mate. Akaniwekea kile kizimba mapajani nimshikie ndege, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara.

Zimamoto wamekuja, na yule yule kijana wa shingo ya kuku. Aliingia na taa kichwani, akatoka upesi kuliko alivyoingia, rangi imemtoka usoni. Alikuwa na vile vipande vinne mkononi. Akauliza mbele ya watu wote, Procolo, Nunzia, Tatonno, majirani waliojaa barabarani na watoto wenye taulo, kwamba hizi tarehe ameandika nani. Dada yangu, niliinua mkono. Mimi ambaye sijawahi kukaa darasani niliinua mkono kama mwanafunzi. Hakunikaripia. Alikaa kwenye ukingo wa njia, akafuta uso kwa kofia, akasema alikula chini ya ukuta huo, na tangu siku hiyo amekuja tena mara mbili na mchumba wake, na aliona picha imetundikwa akafurahi kwamba tunamcha Mungu.

Nunzia hajasema neno. Nunzia! Amemshika Celeste miguuni mwake kama mtu anayeshika ndoo ya maji njiani. Mtoto ananipungia mkono, mama yake anaushusha.

Wamevuta utepe mwekundu na mweupe mlangoni. Yule kijana aliniinamia akaniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa, kwamba duka litafungwa, bibi, kwa muda. Nilisubiri neno lile linichinje. Lilipita tu, sikulisikia hata vizuri, nilikuwa nawahesabu watoto barabarani. Kumi na moja. Wote wana vichwa.

Sijui watanifanya nini. Kijana amesema lazima aandike taarifa, nikamwambia aandike, na mwandiko wake ninaujua. Wakinipeleka mbele ya hakimu nitaenda na gauni la jeneza, liko tayari kabatini, limepigwa pasi. Hilo silo linalonitisha. Ninachoogopa ni kwamba Procolo amekaa mita kumi kutoka hapa nilipo, ameshika lile bakuli la chachu magotini, ndicho kitu pekee walichomruhusu kukitoa, na hajageuza shingo kunitazama.

Wewe njoo, Ersilia. Usiahirishe tiketi. Karamu itakuwa, lakini si chini ya ukuta. Tutapanga meza mchangani, nitakaanga piza kwenye kikaango cha mama kama tulivyokaanga ule mwaka wa hotelini tulipokuwa hatuna tanuri, unakumbuka, mafuta yanaruka mpaka kwenye mapazia ya watu. Goti lako nitalifunga sufu. Na ukifika, kabla hujanibusu, nenda kwanza kwa Procolo. Wewe anakusikiliza. Usimwambie anisamehe, sijaomba. Mwambie tu mama yake aliogopa kitu kisicho chenyewe. Kisha njoo kwangu unipazie sauti yote uliyonayo, safari hii nitaisikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie wanao wote, na mkweo wa viazi, na yule mjukuu mwenye gitaa. Nakubusu kwenye paji la uso na kwenye lile goti. Jua limeanza kuteremka, Tatonno amekuja kumchukua ndege wake, na kupitia wavu wa mlango naiona meza ya marumaru. Unga bado uko pale na neno langu juu yake. Hakuna anayeruhusiwa kuingia kulifuta.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kuandika,

Restituta, Titina wenu